Mwongozo kamili: Jinsi ya kuitembea Yume Nikki hadi mwisho bila kukata tamaa njiani

Wasomaji wa Kampala, Busia na Nakivale wananiletea malalamiko yaleyale kuhusu Yume Nikki, gemu ya bure iliyotengenezwa na mtu mmoja anayejiita Kikiyama. Wameipakua, wamezunguka gizani dakika kumi, hawakuona adui wala pointi, wakaifunga. Wengine hawakufika hata huko: mlango wa chumba uligoma kufunguka, wakadhani gemu ni mbovu.

Gemu ni nzima kabisa. Wengi wetu tumejifunzia kwenye mechi za soka za vibandani, unalipia mechi moja, muda unakwenda, lazima mmoja afungwe. Ukija na mazoea hayo utaboreka haraka, maana hapa hakuna wa kumfunga. Kazi yako ni kutembea ndani ya ndoto za binti mmoja, Madotsuki, na kukusanya vitu 24 vilivyofichwa humo. Kutembea huko kuna utaratibu wake, na anayeufuata hapotei.

Mafumbo mengi nimeyaacha bila kuyafumbua. Ukiambiwa kila kilipo kitu, hutabakiwa na gemu ya kucheza.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta ya Windows 10 au 11, au simu ya Android. Gemu inapatikana bure Steam, duka la gemu la mtandaoni, tangu Januari 2018. Ila Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na Windows 8 mwanzoni mwa 2024, na mashine nyingi za kafe zetu bado ni hizohizo. Njia ya kuzunguka hilo iko katika hatua ya 1.
- Data ya kutosha au Wi-Fi. Gemu yenyewe ni ndogo. Kinachokula data ni programu ya Steam. Tangu Julai 2021 kila bando tunalonunua Uganda lina ushuru wa asilimia 12 ndani yake, kwa hiyo kama shule, ofisi au rafiki ana Wi-Fi, pakulia huko.
- Flashi. Ya kubebea gemu, na ya kuhifadhia nakala ya maendeleo yako.
- Hedifoni. Usiziruke. Sauti ndiyo itakayokuambia umevuka kutoka eneo moja kwenda jingine.
- Daftari na kalamu. Gemu haina ramani wala mshale wa kukuelekeza.
- Saa moja tulivu kwa kila kikao. Dakika kumi za kusubiri boda hazitoshi.

## Maonyo mawili kabla ya kuanza

Kuna sehemu zenye rangi kali zinazomweka na picha zinazotokea ghafla. Mwenye kifafa, au anayeumizwa na taa za kumweka, asiicheze.

La pili ni zito zaidi. Gemu hii ina upweke mwingi, ina kisu na damu, na mwisho wake unagusa kujiua. Usimpe mtoto kwa sababu tu picha zake zinafanana na katuni. Na kama wewe mwenyewe unapitia kipindi kigumu, iache kwanza, au icheze ukiwa na mtu unayemwamini.

## Hatua ya 1: Weka gemu kwenye mashine

Kwenye Windows 10 au 11, fungua akaunti ya Steam, tafuta Yume Nikki, bonyeza kitufe cha kusakinisha. Hakuna malipo. Ukikuta ukurasa unaotaka pesa, umeingia gemu nyingine: ipo iliyotoka 2018 inayoitwa *Yume Nikki: Dream Diary*, yenye picha za kisasa zaidi, nayo inauzwa. Mwongozo huu hauihusu.

Kwenye simu, au kompyuta ya zamani, tumia EasyRPG Player. Ni programu ya bure inayoendesha gemu zilizotengenezwa kwa RPG Maker 2000 na 2003, na Yume Nikki ni mojawapo. Utaratibu wake ni huu: pakua gemu kwenye kompyuta yoyote yenye Steam, ingia folda ya steamapps, kisha common, nakili folda nzima ya gemu kwenye flashi, ihamishie kwenye mashine yako, halafu uifungue kwa EasyRPG.

Nakili folda nzima, usichague mafaili. Ndani yake lazima kuwe na faili liitwalo RPG_RT.ldb. Likikosekana, EasyRPG haitaitambua gemu, na watu wengi hukwama hapohapo wakailaumu simu.

Unapoona skrini ya mwanzo na kusikia muziki, kazi ya fundi imekwisha.

## Hatua ya 2: Vijue vitufe

Mishale ni ya kutembea. Z, Enter au kitufe kirefu cha nafasi (Space) ni ya kugusa kitu au kumsemesha kiumbe. X au Esc hufungua orodha. F4 hujaza skrini nzima.

Halafu kuna namba tatu ambazo bila hizo hutafika popote:

- 1 hutumia uwezo wa kitu alichovaa Madotsuki.
- 9 humfanya ajifinye shavu na kuamka.
- 5 huacha kitu ulichokusanya, ukiwa katika ukumbi wa milango. Utaihitaji mwishoni kabisa.

Kama namba za safu ya juu hazifanyi kazi, jaribu zile za upande wa kulia huku Num Lock imewaka. Kwenye simu, hariri mpangilio wa vitufe vya EasyRPG uongeze 1, 5 na 9 kabla hujaanza. Asiye na 9 akinaswa ndani ya ndoto atalazimika kuifunga gemu, na alichokusanya kitapotea.

Epuka F12. Inakurudisha skrini ya mwanzo bila kukuuliza, na kila ambacho hukuhifadhi kimekwenda.

## Hatua ya 3: Kaa chumbani kwanza

Unaanza ukiwa macho, ndani ya chumba kidogo. Nenda mlangoni, ubonyeze Z. Madotsuki anatikisa kichwa. Hapa ndipo wengi huacha. Mlango ule hautafunguka ukiwa macho hata ungebonyeza hadi usiku wa manane. Binti hataki kutoka, na gemu inakuambia hivyo bila neno hata moja.

Zunguka chumba. Kuna televisheni na kigemu kidogo sakafuni, na unaweza kukicheza. Toka baraza ya juu, urudi. Kisha nenda mezani: kuandika kwenye shajara pale ndiko kuhifadhi. Kuna nafasi 15 za kuhifadhia, tumia walau mbili kwa kupokezana.

Jiwekee sharti: kila ukiamka, kabla ya kitu kingine, mezani. Umeme hautoi taarifa. Na kwenye kafe ambazo mashine hujisafisha kila zikizimwa, nakili faili la Save01.lsd kwenye flashi kabla hujaondoka. Liko ndani ya folda ya gemu.

Ukishahifadhi, panda kitandani.

## Hatua ya 4: Ukumbi wa milango 12

Ndoto inaanza barazani. Ingia ndani ya chumba, nenda kwenye mlango uleule uliogoma. Sasa unafunguka.

Unatokea ukumbi wenye giza na milango 12 iliyopangwa duara. Wachezaji wanauita Nexus. Usiingie popote bado. Chora duara kwenye daftari kama uso wa saa, mpe kila mlango namba, na andika pambo lake, kwani hakuna milango miwili inayofanana. Kazi hii ya dakika tano itakuokoa mara kwa mara baadaye.

Kisha fungua mlango mmoja mmoja, chungulia hatua chache tu, rudi ulikotokea, andika neno moja: theluji, msitu, giza, madimbwi, macho, namba. Usitafute chochote katika mzunguko huu. Ukimaliza utajua nyumba nzima ina vyumba gani, na hilo linaondoa ile hofu ya kutojua ulipo.

Anza uchunguzi wa kweli na theluji au msitu, kwa sababu kuna vitu vya kuwekea alama. Dunia ya giza na ile ya namba ziache hadi mguu wako umezoea.

## Hatua ya 5: Tembea dunia inayojizungusha

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo barua nyingi zinazonifikia zinapolalamikia.

Ramani nyingi za gemu hii hazina ukingo. Ukienda kulia bila kusimama, unatokea kushoto na kurudi ulipoanza. Asiyejua hilo hudhani anasonga mbele kwenye nchi isiyokwisha, kumbe amepita sehemu ileile mara nne. Fanya hivi:

Kwanza, weka alama. Mlango uliotokea ndio alama yako ya kwanza. Simama hapo, angalia kilicho karibu nao, kiandike.

Pili, pima. Tembea upande mmoja moja kwa moja hadi uuone mlango tena. Sasa unajua upana. Rudia kwenda juu. Ukikutana na ukuta, ufuate hadi uishe, kisha rudi kwenye mstari wako.

Tatu, lima kwa matuta. Skrini inaonyesha miraba 20 kwa upana na 15 kwenda juu. Ukimaliza mzunguko mmoja wa kulia, panda hatua 12, zunguka tena. Hatua 12 zinaacha sehemu ndogo ya kurudia, kwa hiyo hakuna kitu kitakachojificha kati ya mistari miwili. Ukitembea ovyo unaweza kupita karibu na kitu unachokitafuta jioni nzima bila kukiona.

Nne, gusa kila kisicho cha kawaida. Kiumbe, shimo, kibanda, taa yenye miguu, kitu kinachofanana na mlango. Bonyeza Z. Vingi havitajibu. Vichache vitakupeleka dunia nyingine, na dunia hizo za ndani ndizo kubwa na nzuri zaidi. Milango 12 ni vizingiti tu.

Tano, sikiliza. Muziki wa kila eneo ni kipande kifupi kinachojirudia. Ukibadilika, umevuka. Andika papo hapo ulipovukia.

Kwenye vibanda vyetu vya filamu, VJ ndiye anayekueleza nani ni nani na nini kimetokea. Hapa hakuna VJ, viumbe hawa hawasemi neno, kwa hiyo jieleze mwenyewe kwa sauti: "Nimetoka mlango wa theluji, nimeingia kibanda cha tatu, kuna mtu amelala." Kusema kunakulazimisha utazame, na mkicheza wawili, mmoja ashike vitufe na mwingine daftari, mtaona mara mbili ya anachoona mtu mmoja.

Umefaulu hatua hii siku unapoweza kwenda mahali ulipofika jana bila kufungua daftari.

## Hatua ya 6: Kusanya efekti, na jua zipi zina kazi

Vitu 24 vinavyotafutwa huitwa efekti. Ukimgusa kiumbe au kitu sahihi, maandishi mafupi yanakuambia umepata kitu fulani. Fungua orodha kwa X, kichague, Madotsuki anabadilika. Efekti ulizokwisha kupata hubaki nawe hata ukiamka, mradi ukahifadhi mezani.

Nyingi hubadilisha sura tu: nywele, umbo, mavazi. Zinahesabiwa zote, lakini hazitakusaidia njiani. Hizi ndizo za kuthamini:

- Baiskeli. Inakwenda kasi kuliko miguu. Ukishaipata, zunguka nayo kila ramani kubwa. Kabla yake gemu inachosha kweli, sikufichi.
- Taa. Iko dunia ya giza. Kichwa cha binti kinakuwa taa na kinaangaza palipo na giza.
- Taa ya kuongozea magari. Kwa kubonyeza 1 unawasimamisha viumbe wote.
- Paka. Huwavuta viumbe waje kwako. Inafaa kwa wale wanaotangatanga bila kushikika.
- Mkono wenye jicho. Unakurudisha ukumbi wa milango bila kuamka. Kwa safari ndefu haina mfano.
- Kisu. Soma hatua inayofuata kwanza.

Ukiua viumbe unapata pesa, na kuna mashine za vinywaji za kuzitumia. Usihangaike nazo, hazikusogezi karibu na mwisho hata kidogo.

## Hatua ya 7: Wanawake-ndege

Hakuna kufa katika gemu hii, lakini kuna kunaswa. Utakutana na wanawake wenye midomo ya ndege. Baadhi watulivu, hata ukipita karibu hawakujali. Wengine wanakukimbiza, na wakikugusa wanakutupa mahali palipofungwa pasipo na njia ya kutoka kwa miguu.

Usikate tamaa wala usizime mashine. Bonyeza 9, binti anajifinya, mnaamka. Au vaa mkono wenye jicho, bonyeza 1. Hujapoteza efekti yoyote, umepoteza safari tu. Kama 9 haijibu, vua kwanza efekti uliyovaa, ujaribu tena.

Kisu kinaleta matatizo hapa. Ukimchoma mtulivu, unaweza kumgeuza kuwa mkimbizaji. Viumbe waliouawa hurudi ukiamka na kulala tena, hivyo hutaharibu gemu milele, lakini kiumbe aliyekufa hakupeleki popote, na huenda ndiye aliyekuwa mlango. Ushauri wangu ni kugusa kwanza kwa mkono mtupu, siku zote.

## Hatua ya 8: Jifunze kurudia jambo, mfano wa swichi ya Poniko

Fumbo moja nitakuonyesha lote, kwa sababu linafundisha namna ya kuyakabili mengine.

Katika dunia ya theluji kuna vibanda vya barafu. Ndani ya kimoja amelala msichana. Mguse, utajikuta kwenye bahari ya waridi. Humo kuna nyumba, na ndani ya nyumba anaishi msichana mwingine ambaye wachezaji wanamwita Poniko. Ana kitanda, meza, nywele za njano. Ukimsemesha hana jibu. Ukutani kuna swichi ya taa.

Wengi huona msichana asiyejibu, wanageuza, wanatoka. Wachache huzima taa: chumba kinaingia giza, basi. Wanaiwasha, wanatoka nao. Lakini kila ukizima taa ile, kuna nafasi moja kati ya 64 kwamba jambo jingine litatokea. Chumba kinabadilika, na mahali alipokuwa Poniko panasimama umbo jeupe na jeusi lenye uso uliopinda, linaloitwa Uboa. Ukiligusa, linakupeleka mahali ambapo hutatoka kwa miguu. Unajua la kufanya: 9.

Hesabu yake iko hivi. Kuzima mara 64 hakukupi uhakika, kunakupa nafasi ya takribani asilimia 63. Ukizima mara 44 uko nusu kwa nusu. Kwa hiyo jiwekee kikomo, tuseme mara 20 kila unapopita, kisha endelea na safari. Asiyejiwekea kikomo humaliza jioni nzima ukutani na kuichukia gemu.

Funzo la kubeba kutoka hapo: popote unapokuta kitu kinachowashwa, kinachozimwa au kinachoguswa, jaribu zaidi ya mara moja, na urudi siku nyingine ukiwa na efekti tofauti. Onyo la rangi zinazomweka nililotoa mwanzo linahusu sehemu hii pia.

## Hatua ya 9: Mwisho, na nakala kabla yake

Ukifikisha efekti 24, usikimbilie mwisho. Amka, hifadhi mezani, funga gemu, nakili Save01.lsd kwenye flashi na ulipe jina jingine, kwa mfano Save01-zote.lsd. Kama ulihifadhi kwenye nafasi nyingine, namba ya faili itakuwa ya nafasi hiyo.

Lala tena, nenda ukumbi wa milango. Vaa efekti moja moja na ubonyeze 5. Kila moja inaanguka sakafuni ikiwa yai. Zipange taratibu ili usirukwe na hesabu: kama ukimaliza na hakuna kinachobadilika, fungua orodha, utakuta moja imebaki. Zote 24 zikishalala chini, jifinye uamke, kisha toka barazani. Utakuta kitu ambacho hakikuwapo.

Kilichobaki ni kifupi, na ni kile nilichokionya juu. Kitazame ukiwa umetulia, na ikiwezekana si peke yako.

Baada ya majina ya mwisho kupita, rudisha lile faili la flashi ndani ya folda kwa jina lake la awali, Save01.lsd. Utafungua gemu ukiwa chumbani na efekti zote 24, baiskeli ikiwemo, na sasa unaweza kwenda kwenye kila alama ya kuuliza uliyoiacha kwenye daftari.